Binti Aliyekataa Kuchora Chungwa

Kazini walimwita Chuo, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Siku ya kwanza alipoingia kwenye duka lile la uchapaji, bosi alimuuliza kama kazi anaijua, naye akajibu kwamba chuoni walifundishwa. Fundi wa mashine, aliyekuwa amepiga magoti akisafisha roli la wino, alicheka mpaka kitambaa kikamponyoka.

"Haya, Chuo," alisema. "Kama walikufundisha na kufagia, ufagio uko nyuma ya mlango."

Jina likaganda hapo hapo kama wino kwenye kucha. Lakini kufagia, Chuo hakufagia. Alimtazama fundi, akautazama ufagio, akavuta kiti na kuketi mbele ya kompyuta.

"Nitafagia zamu yangu ikifika," alisema. "Nionyesheni ratiba."

Ratiba haikuwepo. Ikabidi itungwe, na jina la kwanza juu kabisa likawa la fundi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkongwe pale. Fundi hakumsemesha wiki nzima.

Chuo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwembamba, ana mwanya, na hasira zake zilikuwa karibu. Alisoma usanifu wa michoro kwa miaka mitatu akafaulu vizuri, kisha akatembea miezi kumi na moja akitafuta kazi, begani mkoba mpana mweusi wenye kazi zake zote za chuoni. Kila alipoingia, aliulizwa uzoefu. Ofisi moja yenye vioo toka chini hadi juu ilimtaka awe na uzoefu wa miaka mitatu.

"Huo uzoefu nitaupata wapi," alimuuliza dada wa mapokezi, "ikiwa kila mlango unaudai kabla sijaingia?"

"Sijui, mwenzangu," yule dada alijibu kwa huruma. "Hata mimi hapa nilitaka uhasibu."

Nyumbani walikuwa watatu. Baba yao alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, mama yao alifariki zamani, na dada mkubwa alikuwa muuguzi katika kituo cha afya. Dada akirudi kazini na sare yake nyeupe, hata majirani walijua pa kumweka. Chuo ndiye aliyekuwa mtihani. Baba akiulizwa barazani binti mdogo anafanya kazi gani, alikohoa kidogo, akasema, "Yuko kwenye mambo ya kompyuta," halafu akabadili mazungumzo upesi kabla mtu hajamletea simu yake iliyoharibika.

Duka lenyewe lilikuwa vyumba viwili. Cha nyuma kilikuwa cha mashine na fundi, kina harufu ya wino na mafuta ya taa ya kusafishia roli. Cha mbele kilikuwa na kaunta, benchi la wateja, jagi la maji ya kunywa na glasi zake kwenye sinia, na ukuta mzima uliojaa sampuli: kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda, vipeperushi vya shule. Bosi alikuwa mtu mwema kwa namna yake. Alivaa miwani juu ya paji la uso na kuitafuta kutwa mara nne. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni rangi. Kwake, karatasi iliyobaki nyeupe mahali ilikuwa karatasi iliyoibiwa.

"Weka ua hapo," angesema, akiinama nyuma ya kiti cha Chuo.

"Hapo pamewekwa wazi makusudi, Bosi. Jicho lipumzike."

"Jicho litapumzika nyumbani kwake. Weka ua."

Mengine Chuo aliyaweka, mengine aliyagomea. Siku moja aliletewa kadi ya harusi iliyokuwa na mitindo saba ya herufi. Akaishika juu ili watu wote waione. "Bwana mmoja, bibi mmoja, mitindo saba," alisema. "Hawa watano waliozidi ni nani? Mashahidi?" Bwana harusi mwenyewe, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, aliangua kicheko. Kadi ikatoka na mitindo miwili. Baada ya hapo wakaanza kuja wateja waliomtaka "yule binti wa kadi zinazosomeka," na bosi akawa hamsifu lakini pia hamsumbui sana. Miezi sita ikapita hivyo. Hata fundi alianza kumwachia kipande cha mkate asubuhi, akidai kwamba daktari amemkataza mkate.

Kisha akaja Mama Sabuni.

Mama Sabuni alijulikana mtaa mzima. Alianza kutengeneza sabuni ya maji kwa ndoo moja uani kwake, baada ya mumewe kumwacha na watoto wanne, na sasa alikuwa na wafanyakazi sita na pikipiki ya kusambazia mzigo. Sauti yake ilitangulia kuingia, yeye akafuata. Alitua kwenye kaunta chupa ya plastiki ya nusu lita, inayoonyesha ndani, imejaa maji ya rangi ya manjano. Pembeni akaweka karatasi aliyochorewa na mpwa wake.

"Hii ni dawa yangu mpya ya sakafu," alisema. "Ina harufu ya machungwa, ukipiga deki nyumba nzima inanukia. Nataka lebo. Mchoro ndio huu, wewe uutengeneze tu upendeze, uingie kwenye mashine."

Chuo aliinua karatasi. Palikuwa na chungwa kubwa lililokatwa katikati, linachuruzika matone. Juu yake yaliandikwa maneno mawili kwa herufi nene: CHUNGWA SAFI. Chini kabisa, kwa herufi ambazo mchwa angehitaji miwani kuzisoma, yaliandikwa "dawa ya kusafishia sakafu."

"Mama," alisema polepole, "hii ni juisi."

"Juisi gani? Si imeandikwa hapo!"

"Imeandikwa, lakini nani atasoma? Mtu mwenye kiu akiiona hii ataifungua."

"Mwanangu, wewe nichoree. Watu wangu wanajua kusoma."

Chuo aliomba siku mbili. Alichora lebo mbili nyingine. Katika moja aliondoa chungwa kabisa, akaweka vigae vya sakafu vinavyong'aa na ufagio wa deki, na maneno DAWA YA SAKAFU yakachukua nusu ya nafasi. Katika nyingine aliliacha chungwa, ila dogo kama kifungo, pembeni, penye neno "harufu." Akapendekeza na chupa nyeupe isiyoonyesha ndani. Mama Sabuni aliziangalia zote mbili akiwa amekunja uso kama aliyepewa dawa chungu.

"Umenichorea sumu," alisema. "Nani atanunua kitu kinachotisha? Dukani kuna dawa za sakafu kumi, zote za bluu. Mimi nataka yangu ichekelee."

Akamgeukia bosi, na bosi akamgeukia Chuo. "Mpe anachotaka. Keshokutwa saa nane anakuja kuichukua."

Jioni ile, wakati wa kula, Chuo alimweleza dada yake. Alitegemea kuambiwa kwamba anakuza mambo. Dada aliacha kutafuna.

"Juzi nimepokea mtoto wa miaka mitatu," alisema. "Amekunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mwezi uliopita alikuja mzee mzima, amekunywa dawa ya choo kwenye kikombe. Wanaokuja ni wengi kuliko unavyodhani, mdogo wangu. Sakafu, choo, nguo. Koo linaungua, kitu unakiona kwa macho na huwezi kukirudisha nyuma."

Chuo hakumaliza chakula chake.

Asubuhi ya siku iliyopangwa alinunua chupa mpya kama ile ya Mama Sabuni, akaiosha, akaijaza maji ya kunywa na matone mawili ya rangi ya keki. Ule mchoro wa mpwa aliutoa kwenye karatasi ya stika kama ulivyokuwa, bila kuugusa, akaubandika. Saa mbili na nusu aliiweka chupa juu ya sinia, kando ya jagi na glasi, bila kusema neno. Kisha akarudi kwenye kompyuta yake, akaweka kando kipande cha karatasi cha kuhesabia, na kazi ikaendelea.

Wa kwanza alikuwa mwalimu aliyeleta mitihani ya kuchapishwa. Alingoja kidogo, akajipepea, akainua chupa, akaigeuza, akajimiminia glasi nzima. Mwalimu, mtu anayeishi kwa kusoma! Wa pili alikuwa kijana wa kampuni ya mabasi. Wa tatu alishika kifuniko, akasita, akaomba ruhusa kwanza. "Samahani, hii juisi ni ya wateja?" Wa nne hakuomba. Ilipofika saa tano fundi alitoka chumba cha nyuma akiwa anatokwa jasho, akamimina, akapiga funda mbili kubwa na kukunja sura.

"Juisi gani hii haina ladha?" aliuliza. "Bosi ameanza kubana mpaka sukari?"

"Si juisi, Fundi," alisema Chuo. "Soma chini."

Fundi alisogeza chupa karibu, akaisogeza mbali, akaisogeza tena karibu. Alipofika kwenye neno "sakafu," glasi ilimtoka mkononi.

"Ni maji! Ni maji ya kunywa tu na rangi ya keki, nimeyaweka mimi!" Chuo alikuwa ameshafika kando yake, amemshika mkono. Akajimiminia na yeye, akanywa mbele yake glasi nzima. Fundi alikaa kwenye benchi na kushika kifua. Kwanza alimtukana.  Kisha akauliza ni wangapi wamekunywa kabla yake, na Chuo akamwonyesha karatasi.

Bosi naye alisikia kelele akatoka ofisini. Alipoelezwa, miwani ilimshuka toka kwenye paji la uso mpaka puani yenyewe.

"Unawafanyia wateja wangu majaribio? Wateja wangu ni panya?"

"Ningekuwa nimewachapia ile lebo, ndipo wangekuwa panya."

"Chuo, nakuambia kwa mara ya mwisho. Keti, utengeneze kazi ya watu."

Mama Sabuni aliwahi. Saa saba na nusu sauti yake ilikuwa tayari mlangoni, na Chuo akamlaki kabla bosi hajafika. Alimweleza yote, hakumficha kitu, akamwonyesha na karatasi: watu watano walishika chupa, wanne wakanywa, mmoja wao mwalimu na mmoja fundi wa kuchapa maandishi.

"Mama, hawa wanajua kusoma," alisema. "Nyumbani kwa wateja wako kuna wasiojua. Wana miaka miwili, mitatu, na chupa iko chini ya sinki, pale pale wanapochezea."

Kwenye benchi walikuwepo wateja watatu na wote walikuwa wanasikiliza kwa mdomo wazi. Hapo ndipo Chuo alipokosea, na mwenyewe alikuja kukiri baadaye: alimwaibisha mtu mzima mbele za watu. Mama Sabuni alisimama wima kama mwiko.

"Mimi nimelea watoto wanne kwa sabuni hii," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Sijaua mtu. Leo mtoto wa juzi ananiita muuaji dukani?"

"Sijakuita muuaji, mama."

"Nichoree chungwa langu au nipe karatasi yangu niondoke."

Bosi aliingia katikati, mikono juu, akiomba radhi upande huu na kutoa macho upande ule. "Atachora. Sasa hivi anachora. Chuo, keti."

Chuo hakuketi. 

"Sichori," alisema.

"Hutachora?"

"Kadi, risiti, kalenda, hata maua yako, Bosi, nitachora. Hii sichori. Sio leo, sio kesho."

"Basi beba vilivyo vyako."

Unga ukawa umemwagika. Alichukua mkoba wake mweusi, kikombe chake na sweta lake. Kazi zote za wateja alizipanga vizuri kwenye kompyuta, akaandika kila moja imefikia wapi, ili kesho yake mtu asipate la kumsema. Alipopita, fundi alikuwa ameinamia mashine yake, hakuinua uso, ila alisema kwa sauti ya kumfikia kila mtu aliyekuwemo: "Na hilo chungwa likija kwenye mashine hii, mwendeshaji atafutwe mwingine. Mimi goti linaniuma."

Mama Sabuni alichukua karatasi yake akaenda duka jingine.

Nyumbani habari haikupokelewa kwa vigelegele. Aliyemuumiza zaidi ni dada.

"Mimi nilikueleza yaliyoko kazini kwangu, sikukuambia uache kazi," alisema. "Umetafuta mwaka mzima! Ungechora tu. Wewe ukikataa, si watamtafuta mwingine?"

"Wamtafute," alisema Chuo. "Lakini watoke, waende, wamtafute. Wasinikute mimi nimekaa tayari na kalamu."

Baba alikuwa anamenya muhogo. Alimaliza kipande alichokishika, akafuta kisu.

"Miaka thelathini niliendesha lori," alisema. "Mara moja tu nilikataa safari. Breki zilikuwa mbovu. Tajiri akampa funguo dereva mwingine, naye akaenda akarudi salama salimini. Nilichekwa mwaka mzima."

"Ulijuta, Baba?"

"Kuchekwa nilijuta. Kukataa, hapana."

Akachukua muhogo mwingine. Ndiyo hotuba yote aliyopata.

Wiki tano Chuo alifanya vibarua: mabango ya saluni, menyu ya mgahawa, stika za baiskeli. Siku moja aliingia duka la jirani kununua chumvi, akaiona. Kumbe duka lile jingine la uchapaji halikuwa na shida na machungwa. Chupa kumi na mbili, zimepangwa kwa safu, zinang'aa manjano, na chungwa kubwa linachuruzika. Na mwenye duka alikuwa ameziweka wapi? Kati ya juisi ya embe na maji ya kunywa.

"Hizi umeziweka hapa kwa nini?" Chuo aliuliza.

"Si juisi hizi?" mwenye duka alijibu. "Zimeletwa jana, hata sijazionja."

Chuo alimwonyesha maandishi ya chini. Mwenye duka alipiga yowe, akazihamishia kwenye sabuni kama aliyeshika makaa. Halafu akamtazama vizuri. "Kwani wewe ni nani? Mkaguzi?"

"Mimi ni mchoraji wa lebo," alisema Chuo. Ilikuwa mara ya kwanza kujitambulisha hivyo kwa mtu baki, na hakuongeza kwamba ametoka chuoni.

Siku hiyo na kesho yake alizunguka maduka manane. Hakumsema vibaya Mama Sabuni popote. Aliomba jambo moja tu, chupa zihamishwe rafu. Maduka matano yalihamisha. Mawili yalimfukuza. Katika moja, mwenye duka aliziondoa zote akasema zirudishwe zilikotoka. Siku ya tatu simu ililia.

"Wewe binti una nini na mimi?" Hakukuwa na haja ya kuuliza ni nani anayepiga. "Kazi ulikataa, umefukuzwa, bado unanifuata mpaka madukani?"

"Nakuja kwako, mama," alisema Chuo. "Safari hii tuongee sisi wawili, bila watu wa benchi. Ukitaka kunipiga utanipigia huko huko."

Uani kwa Mama Sabuni palikuwa pasafi kuliko jikoni kwa watu wengi. Mapipa ya bluu yalipangwa ukutani, miko mirefu imening'inizwa, wafanyakazi wamevaa glavu na kufunga vitambaa usoni. Kwenye meza ndefu chupa zilijazwa moja baada ya nyingine. Chuo aliomba radhi kwanza kwa siku ile dukani. Aliomba kweli, bila kuweka "lakini" nyuma yake. Mama Sabuni aliguna, akamsogezea kigoda.

Alipoketi, Chuo aliona kitu. Mwisho wa meza palikuwa na chupa ya nusu lita kama zile nyingine, ila shingoni ilikuwa imezungushiwa utepe mwekundu.

"Ile chupa ina nini?" aliuliza.

"Ipi? Ah, ile ni ya kunywa, ya wafanyakazi. Nimeifunga utepe ili tusije tukachanganya, chupa hizi zinafanana..."

Mama Sabuni aliishia hapo. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa anamimina alisimamisha jagi hewani.

"Hapa kwako kila mtu anajua kilichomo kwenye chupa," alisema Chuo taratibu, "na bado umewafungia utepe. Wateja wako hawajui, mama. Utepe wao uko wapi?"

 Mama Sabuni alivua glavu moja, akaivaa tena. Aliangalia masanduku ya lebo yaliyorundikwa kando ya mlango.

"Hizo zilizobaki nizimalize," alisema mwishowe. "Zikiisha, utanichorea nyingine."

"Hapana."

"Binti, we!"

"Hapana, mama. Zikiisha kuna nini? Atakayekunywa kesho atanisubiri nimalize kuchora? Zilizoko hapa na zilizoko madukani, zote zifungwe utepe. Nitaukata mimi mwenyewe."

"Una kichwa kigumu kama jiwe la kusagia," alisema Mama Sabuni. Lakini tayari alikuwa amegeuka kumwita mwenye pikipiki.

Chuo alitengeneza ukanda mwekundu wa kuzungushia kifuniko, herufi nyeupe nene, maneno mawili tu: SI KINYWAJI, na pembeni alama ya glasi iliyokatwa kwa mstari mwekundu, kwa wasiojua kusoma. Siku mbili mfululizo yeye, Mama Sabuni na wafanyakazi sita walikaa uani wakibandika mpaka alama za vidole zikafutika. Mara mbili waligombana kuhusu unene wa herufi, na mara zote mbili Mama Sabuni alishindwa, akalipiza kwa kumtuma Chuo akachote maji. Kisha ikaja lebo mpya: chupa nyeupe, vigae vinavyong'aa, na chungwa dogo kama kifungo penye neno "harufu." Je, mauzo yalipanda? Mwezi wa kwanza yalishuka, na Mama Sabuni alimpigia kila Jumatatu kumkumbusha. Mwezi wa tatu yakarudi pale yalipokuwa. Hayakuwahi kupanda kwa kishindo, na Chuo hakuwahi kudai kwamba yalipanda. Siku moja alimuuliza kama ajaribu jina jingine badala ya Chungwa Safi. Akajibiwa asivuke mpaka.

Lebo hizo zilichapishwa kwa bosi wake wa zamani, maana mashine yake ndiyo ilikuwa nzuri zaidi mtaani na Chuo hakuwa na kinyongo na mashine. Bosi aliikagua karatasi mbele na nyuma.

"Rangi mbili tu?" aliuliza kwa uchungu.

"Mbili tu."

"Kiti chako kiko tupu," alisema bosi, akiitafuta miwani yake. "Yule niliyemweka hawezi hata kunyoosha mstari. Rudi. Ila ukirudi, uwe unasikia unachoambiwa."

"Kusikia nasikia vizuri sana, Bosi. Ndiyo maana sirudi."

Fundi alicheka huko nyuma, akawasha mashine.

Alipanga kona katika duka la vifaa vya shule, meza moja, dirisha moja linalotazama barabara. Mfamasia mmoja aliyeona ule ukanda mwekundu alimletea kazi ya bahasha za dawa, achore jua la asubuhi na mwezi wa usiku badala ya maandishi ambayo wagonjwa hawayasomi. Kazi hiyo ilimpeleka hadi kwenye zahanati moja. Vibarua vya saluni havikuisha, na baadhi ya miezi ndivyo vilivyomlisha. Kuna miezi alimwomba dada nauli. Dada alimpa, akinung'unika, na kazini kwake akaanza kumtaja kwa madaktari waliohitaji mchoraji.

Adhuhuri moja ya joto aliingia mtu nadhifu, viatu vinameta, manukato yake yakijaza kona nzima. Alikuwa na krimu ya ngozi. Alitoa karatasi, akitaka lebo ya dhahabu yenye maneno "Imethibitishwa na madaktari."

"Madaktari gani?" Chuo aliuliza, kalamu mkononi, tayari kuandika.

Yule mtu alicheka. "Madaktari tu, dada. Ni maneno ya biashara."

"Nitajie mmoja."

"Haina haja ya jina. Andika 'madaktari,' inatosha."

"Mmoja tu, kaka. Hata wa meno."

Cheko likamtoka usoni. Chuo alikunja karatasi yake vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Utakufa njaa na msimamo huo, binti," alisema yule mtu akiinuka. "Mjini hapa wachoraji wamejaa tele."

"Wapo," alisema Chuo, akishageukia kompyuta yake, kwenye bahasha ya dawa ya kikohozi ambayo jua lake lilikuwa bado halijakaa sawa. "Na mlango usiufunge ukitoka. Kuna joto."